Mkono Uliotangulia

Jumapili jioni, Nakuru

Leo asubuhi nikiwa katika steji ya matatu, wanaume wawili nyuma yangu walianza kuzungumza kwa lugha ambayo sitaitaja hapa, na kabla sijafikiri lolote mkono wangu ulikuwa umekwisha kuubana mkoba kifuani. Walikuwa wakilalamikia bei ya mbolea. Niliona aibu.

Mshtuko huo ninao tangu ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, nilipokuwa na umri wa miaka tisa, nimejificha chini ya kitanda katika mtaa wa Kaptembwo hapa Nakuru, huku vijana wakigongagonga mageti na kuitana kwa lugha hiyo. Kabla ya kuingia uvunguni nilikuwa nimechungulia dirishani, nikamwona mzee wa nyumba ya pili amesimama nao langoni mwetu, kofia kichwani, rungu mkononi. Nilimkwepa mzee huyo utoto wangu wote.

Mwaka jana, tukichambua managu, Mama alinieleza kwamba mzee alisimama pale kuwaapia vijana wale, kwa lugha yao wenyewe, kuwa nyumba yetu haikuwa na mtu. Alilisema kama jambo ninalolijua, akaendelea na mboga zake, nami nikabaki na jani moja mkononi. Kofia ilikuwa ile ile, rungu lile lile, lakini vyote viligeuka maana papo hapo. Wiki iliyofuata nilimsalimu mzee kwa mikono miwili, wala sikujilazimisha.

Thomas Mann na Melissa Ferguson, wanasaikolojia wa Marekani, waliliona jambo hili katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 2015. Washiriki walisoma habari za mtu aliyevunja nyumba za majirani, wakamchukia. Walipoambiwa kwamba nyumba zilikuwa zikiungua naye aliingia kuokoa watoto, hata hisia zinazozuka zenyewe ziligeuka. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2016 ulioongozwa na Calvin Lai ulijaribu mbinu tisa za kulegeza upendeleo wa rangi ya ngozi, zote zikafaulu kwa muda, kisha baada ya saa au siku chache hapakuwa na hata moja iliyodumu. Naamini tofauti iko hapo: habari ya Mama ilimhusu mtu mmoja na jambo moja nililoliona kwa macho yangu, ilhali wale wanaume wa steji hawana kisa chochote kwangu ila sauti zao.

Jioni hii nimempigia mzee simu kumjulia hali. Katikati ya mazungumzo aligeuka kumwita mjukuu wake kwa lugha ile ile, na mkono wangu ulitulia mezani.