Susu ya Nyanya

Maneno yenyewe ni matano, na tangu Jumapili alasiri yamekataa kunitoka: “Nyumba yenye mtu haimei majani.” Halati, dadake mama, aliyasema akiwa amesimama karibu na dirisha la sebuleni, buibui limemwangukia mabegani, mkono wake wa kulia umeishika susu ya marehemu nyanya, ule wavu wa kamba wa kutundikia vyakula, ambayo siku hizi nimeitundikia mmea. Kisha akauliza kama mahamri yamebaki, akala mawili kwa kahawa, akaniombea dua, akaenda zake. Wiki hii ofisi yetu imehamishiwa jengo jingine na binamu yangu ameolewa Malindi kwa shangwe za siku tatu, lakini kila nikipata nafasi ya kukaa kimya, akili hunirudisha pale dirishani.

Mnaonisoma tangu zamani mnajua kwamba Baba Yusufu yuko melini, mwezi wa saba sasa, na kwamba mimea ilianza kuingia nyumbani humu katika zile wiki za mwanzo baada ya yeye kuondoka. Kwa hiyo neno lilipata pa kuingilia. Majani kwetu ni ya mti, na ni majani pia yale yanayofunika uwanja usiofagiwa. Njia isiyopitwa huota majani, kaburi lisilozuriwa huota majani, na nyumba iliyohamwa, kama zile tunazozipita kila siku hapa Mji wa Kale, Mombasa, huanza kwa kutoa jani moja kwenye ufa wa chokaa, mpaka siku moja ukaona mti mzima umeukalia ukuta. Nilisikia Halati akiniambia kwamba nyumba yangu imeanza kufanana na hizo. Sikumjibu. Nilishika birika nikamwongezea kahawa, na jibu nililolimeza ndilo nimekuwa nikilitunga usiku baada ya usiku.

Ningemwambia kwamba majani haya hayakujiotea. Pothosi iliyo ndani ya susu, ambayo wauza miche wa kando ya barabara huiita mani planti, nilipewa na Mama Saumu wa chini ikiwa vipande vitatu vya shina vilivyofungwa kwenye gazeti bichi. Kila kimoja nilikikata chini kidogo ya fundo, kwa sababu mzizi hautoki popote kwenye shina isipokuwa penye fundo, pale ambapo ukitazama kwa karibu utaona kidoa cha rangi ya kahawia kilichotuna kama kipele. Niliondoa majani ya chini, nikavisimamisha vile vipande katika chupa ya maji kando ya dirisha, na baada ya wiki mbili hivi vipele vilikuwa vimetoa nyuzi nyeupe, ambazo Yusufu alizihesabu kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Leo mashina hayo yameshuka kutoka kwenye boriti hadi usawa wa kiti.

Asili yake ni Moorea, kisiwa cha Polinesia ya Ufaransa katika bahari ya Pasifiki, na joto letu lenye unyevu halikuisumbua tangu siku ya kwanza. Ina tabia moja inayonivutia kila nikiifikiria. Ikipata mti wa kukwea, majani yake huzidi ukubwa kadiri inavyopanda, hata yakachanika pembeni. Iko moja iliyokwea mnazi nyuma ya shule ya Yusufu, na jani lake moja linatosha kufunika sinia. Lakini ikiachwa ining'inie, majani hubaki ya kiasi cha kiganja, na nguvu zote huenda katika kurefuka. Mtu mwenye nyumba ndogo na dari ndefu, kama mimi, hana sababu ya kuisimikia mti. Aiache ishuke.

Shida ya nyumba zetu ni mwanga. Kuta hizi za mawe ya matumbawe zilijengwa nene ili kulikimbia jua, na hatua nne tu kutoka dirishani tayari ni kiza cha mchana, ndiyo maana siwezi kupamba mahali kwa sababu tu panapendeza. Nilijifunza hilo katika kidaka cha ukuta wa ndani, pale nyanya alipopanga mabakuli yake ya kauri. Nilikitia tradeskantia, ile yenye mistari ya fedha juu ya jani na zambarau chini yake, ikaning'inia vizuri kwa mwezi mmoja, kisha ikaanza kupoteza mistari na kutoa mashina membamba yaliyopinda yakitafuta dirisha. Sasa ninavyo vyungu viwili vinavyopokezana, kimoja kidakani na kingine dirishani, na kila baada ya siku kumi navibadilisha. Kidaka hakikai kitupu na mmea haudhoofiki.

Ninachojivunia zaidi ni dema. Lilikuwa limetoboka, halifai tena kutega hata changu mmoja, na mvuvi wa Likoni akaniachia kwa pesa kidogo. Nimelifunga kwa ubavu chini ya boriti za ukumbini, na hoya, mmea wa kutambaa, inapita katika matundu yake ya pembe sita, ikitokeza huku na kuingia kule, mizizi yake ikiwa ndani ya makumbi ya nazi niliyoyachambua na kuyasuuza mara nyingi mpaka yakaisha chumvi. Mwezi uliopita ilitoa shada la vinyota vinene vyenye harufu iliyozidi usiku. Maua yalipoanguka nilikiacha kikonyo chake pale pale, kwa kuwa hoya hutoa maua mapya kwenye kikonyo kile kile, na anayekikata anajinyima mwenyewe.

Maji nayo yana kazi yake. Kisima chetu ni cha chumvi, na ukiyatumia maji yake wiki mbili tatu ncha za majani huungua zikawa kahawia, kwa hiyo nakinga ya mvua, na mvua ikikosekana naweka ndoo chini ya kiyoyozi cha jirani, ambacho maji yake yanayodondoka hayana chumvi. Sikufanikiwa kwa kila kitu. Ule mmea wa shanga za kijani, uliotoka sehemu kavu za kusini mwa Afrika, umeniozea mara mbili katika mvua za Mei, na sitaununua tena.

Na susu yenyewe ningemweleza Halati kwamba sikuichagua kwa mapambo tu. Susu ilibuniwa ili paka asifikie kitoweo. Kwangu inamzuia paka, na mtoto pia, asifikie majani ambayo yakitafunwa huchoma mdomo na ulimi. Niliona ni kazi ile ile. Niliona nyanya angekubali.

Hayo yote niliyapanga vizuri hadi Jumatano usiku, yakawa hotuba. Alhamisi jioni nikaishusha susu ili niinyweshe pothosi, na nilipokiinua kisahani nikaona ile kata ya ukindu iliyo chini, ambayo chungu hukalia, imekuwa nyeusi. Niliigusa, kidole kikazama. Kamba mbili kati ya nne zilikuwa zimeota ukungu wa kijani karibu na fundo la mwisho, na nilipoivuta mojawapo, nyuzi zake ziliachana bila sauti yoyote.

Ndipo niliporudia mazungumzo ya Jumapili tangu mwanzo, maana siku zote hizo nilikuwa nikirudia mwisho wake tu.

“Hii si susu ya mama?” Halati aliuliza.

“Ndiyo, Halati. Niliikuta stoo, imefungwa ndani ya kanga.”

“Na maji?”

“Kuna kisahani chini.”

Akanyamaza. Mkono wake ukashuka kwenye kamba taratibu, fundo kwa fundo, kama mtu anayevuta tasbihi, ukafika chini na ukakaa pale. Ndipo aliposema lile neno. Nilikuwa nimemwona mkono wake na sikuufuata. Kisahani nilikuwa nimekitaja kwa haraka, kwa kuwa nilishaanza kujitetea kabla hajanishtaki, na yeye alikuwa amegusa unyevu kwa vidole vyake kwenye kitu alichosuka mamake. Baba Yusufu hakutajwa. Meli haikutajwa. Sasa naamini majani aliyoyaona ni yale ya kijani kwenye kamba, na kwamba aliniambia kwa upole kuliko ambavyo mimi ningemwambia mtu aliyeniharibia kitu cha mamangu.

Nimelia kidogo, na sioni haya kuliandika. Kisha moyo ukatulia kwa namna ambayo haujatulia tangu Jumapili, kwa sababu kosa la kamba lina dawa. Jana nilipita Marikiti nikanunua kamba ya usumba, na usiku nikakaa sakafuni, susu ya zamani upande mmoja na kamba mpya upande wa pili, nikihesabu. Fundo la juu ni moja kubwa linalokusanya nyuzi zote. Kutoka hapo ni shubiri mbili hadi mafundo ya kwanza, ambapo kila uzi huagana na mwenziwe na kufungwa na wa jirani, halafu shubiri moja, halafu zinarudi kwa wenzao wa mwanzo. Nilikosea mara tatu kwenye kule kurudi. Ya nne ilikubali, na chungu kilipoingia, matundu yalifunguka na kukikumbatia pande zote bila kuinama. Chini nimetumia pete ya waya badala ya kata, nacho kisahani nimekitoa kabisa. Siku za kumwagilia nitaishusha yote hadi uani, inywe, ichuruzike mpaka iishe, ndipo irudi juu.

Susu ya nyanya nimeitandaza kivulini, upepo wa kusi unaikausha. Sikufungua fundo hata moja. Kesho nitampelekea Halati kwake mtaani Kuze, nimwombe radhi, nimuulize kama kata inaweza kusukwa upya, kwa kuwa vidole vyake bado vinajua kusuka na vyangu havijajua. Nitambebea pia kipande cha pothosi ndani ya chupa, kama atakitaka.

Saa hizi ni saa sita na nusu za usiku na Yusufu amekohoa tena, kikohozi kikavu, ni mara ya tano tangu nilipoanza kuandika. Kipaji chake hakina joto. Nimemfunika, nimefunga dirisha la upande wa kusi, na bado namsikiliza.