Njoro au Kabarak: Hesabu za Mzazi wa Nakuru

Kwa sisi tunaoishi Nakuru, kuchagua kati ya chuo kikuu cha umma na cha binafsi si jambo la kumpeleka mtoto mbali, kwa kuwa Egerton, cha umma, iko Njoro na Kabarak, cha binafsi, iko kwenye barabara ya kuelekea Eldama Ravine. Binti yangu amepata alama zinazomruhusu kuomba nafasi kote kuwili, na shangazi zake wamekuwa wakitoa ushauri kana kwamba linalojadiliwa ni heshima ya ukoo. Mimi naona ni suala la pesa na muda, na zaidi muda.

Tangu mwaka 2023, mwanafunzi anayepangiwa chuo cha umma na KUCCPS, shirika la serikali linalopanga wanafunzi vyuoni, huomba ufadhili wa serikali usiorudishwa na mkopo, kisha huwekwa katika kundi kulingana na uwezo wa familia yake. Katika mgao wa makundi matano uliotumika mwaka 2024, kundi la kwanza, la wenye uhitaji mkubwa zaidi, lilitengewa ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi na mkopo wa asilimia 25, familia ikibakiwa na asilimia 5 tu, ilhali familia za kundi la tano, zenye uwezo zaidi, zilitakiwa kubeba asilimia 40. Anayekwenda chuo cha binafsi anaweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, lakini ufadhili huo haumfikii. Wanaosisitiza kwamba chuo cha umma ni cha bei nafuu kwa kila mtu bado wanaishi katika enzi za karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka. Ukiwekwa kundi la tano, na ukikubali kwamba mkopo ni deni, pengo laweza kuwa dogo kuliko ulivyodhani.

Kuhusu muda, mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kuanzia Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba, wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa mishahara wa 2017 hadi 2021. Siwalaumu, kwani deni ni deni. Lakini mzazi aliyempangia mtoto chumba aliendelea kulipa kodi, na muhula ukasogea mbele.

Hata hivyo, kozi yenyewe ndiyo iliyotuamulia. Binti anataka kilimo, na Egerton ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, ikiwa na mashamba ya kufanyia mazoezi. Angetaka sheria, ningeuliza kwanza kama Baraza la Elimu ya Sheria limeidhinisha mafunzo ya chuo husika. Angetaka uhandisi, ningeiuliza Bodi ya Wahandisi, na jibu lao lingekuwa na uzito kuliko jina la mmiliki wa chuo.

Tumeiweka Njoro kuwa chaguo la kwanza. Ninapendelea alale nyumbani na kupanda matatu kila asubuhi, ili mgomo ukitokea tusilipie chumba kitupu. Yeye anataka hosteli, na hilo bado tunabishana.