Bidoni ya lita mbili

Jumapili, saa tatu usiku. Leo papa, yaani baba yangu, amenishinda, tena kwa haki, na naandika kabla sijaanza kujitetea.

Wengi wakisikia kwamba nakusanya vyombo vya ufundi hudhani nina karakana. Sina hata gari. Nina kopo la bati lililokuwa la biskuti, na ndani yake kle ndogondogo, nyingine fupi kuliko kidole changu cha shahada. Kle ni ile ambayo ndugu zetu wa pwani wanaiita spana. Hapa Lubumbashi tulilipata neno kwa Mbelgiji, na hatujamrudishia. Nina pia bisibisi za fundi saa, koleo moja ambalo mdomo wake haushiki kitu kinene kuliko msumari, na kle ya mdomo wa kufungua na kufunga yenye urefu wa inchi nne. Mke wangu anauliza zinafanya kazi gani. Kwa kweli hazifanyi kazi yoyote. Nazifuta, nazitazama, nazirudisha.

Nyingi nimezitoa soko la Kenya, kwa vijana wanaouza vyuma chakavu. (Kenya yetu ni komini ya mji huu, msinitumie salamu za Nairobi.) Ukichimba kwenye rundo utakuta milimita na inchi zimelala pamoja. Nadhani sababu ni reli. Reli ilifika hapa mwaka 1910, mji ukiitwa Élisabethville, na ilikuja kutoka kusini, kwa Waingereza, wakati wenye mji walikuwa Wabelgiji. Mmoja anapima hivi, mwingine vile, na kijana wa sokoni anauza vyote kwa kilo.

Ninazozipenda zaidi ni nne zenye herufi BA. Huo ni uzi wa skrubu wa Waingereza kwa ajili ya vyombo vidogo vya kupimia, na ajabu yake ni kwamba chini ya sura ya Kiingereza hesabu yote ni ya milimita. Namba 0 ina unene wa milimita 6 na hatua, yaani umbali kati ya jino moja la uzi na linalofuata, ya milimita 1. Kila namba inayofuata, hatua yake ni 0.9 ya iliyotangulia. Kwa hiyo namba ikipanda, skrubu inapungua. Nilijaribu kumweleza kijana aliyeniuzia. Akaniangalia kwa huruma. "Mukubwa, sita ni nyingi kuliko mbili. Ya sita bei yake juu." Nikalipa zaidi kwa kidogo zaidi.

Kutu ndiyo adui. Mvua za Novemba zikianza, kutu hapa haibishi hodi. Nalaza chuma kwenye siki usiku mmoja, asubuhi nasugua kwa mswaki mkuukuu, nasuuza kwa maji yenye magadi kidogo ili ukali wa siki uishe, nakausha, napaka mafuta ya cherehani. Siki ya saladi nyumbani kwetu haidumu.

Sasa habari yenyewe. Mwezi uliopita nilipata kle dinamo ndogo, yaani ile ya kupima mkazo unapofunga nati. Jina la kiwanda limefutika kabisa. Ni ya mtindo wa zamani: fimbo ya chuma inayopinda, na juu yake mshale mwembamba usiobeba mzigo wowote. Ukivuta mpini, fimbo inapinda na kusogea pamoja na bamba la namba, mshale unabaki pale pale ulipokuwa, na unasoma. Haina springi ndani. Zile zinazolia "ta!" ni nzuri kwa kazi ya kila siku, lakini springi yake inatakiwa kulegezwa hadi namba ya chini kila ukimaliza. Aliyeitupa kabatini ikiwa imekazwa miaka kumi, siku akikuuzia hakuuzii kipimo tena, anakuuzia nyundo.

Papa alifanya kazi miaka mingi karakana ya reli, na kwake kle dinamo ni ya mtu asiye na mkono. Yeye alifunga kwa kuhisi. Nilimwambia kwamba bolti ya milimita 6 ya kawaida inataka mkazo wa kama nyutoni mita 10 tu, na mtu mzima mwenye kle ndefu anaikata bila kujua. Akasema, "Na uzi wake una mafuta au ni mkavu? Hiyo kle yako inajua?" Haijui. Sehemu kubwa ya nguvu unayotia inaliwa na msuguano, kwenye uzi na chini ya kichwa cha bolti. Inayobaki kuvuta bolti ni ndogo. Uzi ukiwa na mafuta, namba ile ile inakaza zaidi. Hilo nililijua tangu zamani, lakini nilitaka nilitaje mimi kwanza.

Leo baada ya misa niliipima. Mkazo ni uzito mara urefu wa mkono, na maji hayahitaji cheti: lita moja ni kilo moja. Niliibana kle kwenye jiliwa ikalala sambamba na ardhi, nikahakikisha mshale uko kwenye sifuri, nikafunga kamba kwenye mpini sentimita 20 kutoka katikati ya kichwa, nikaning'iniza bidoni, yaani dumu, ya lita mbili iliyojaa maji. Kilo 2, sentimita 20: ni karibu nyutoni mita 3.9. Kle hii inasema kwa pauni-inchi, na pauni-inchi moja ni nyutoni mita 0.113, kwa hiyo mshale ulitakiwa kukaa karibu na 35.

Ulikaa 36, ukapita kidogo.

Nikarudia mara tatu. Jibu lile lile. Nikaandika kwenye daftari: "Inazidisha." Niliumia kidogo, kama mtu aliyesikia habari mbaya za rafiki mpya.

Papa alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, radio sikioni. Alinyanyuka polepole, akaja, hakuigusa kle. Aliigusa bidoni.

"Hii yenyewe umeipima?"

"Ni plastiki, papa."

"Plastiki haina uzito? Na kamba je?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Basi nikamwaga maji, nikabeba bidoni tupu na kamba yake hadi kwa mama jirani anayeuza kapenta, wale dagaa, maana ana mizani ya gramu. Mama akauliza kama nanunua au nacheza. Nikasema nacheza. Akapima hata hivyo: gramu 90.

Nilisimama pale pale barabarani nikapiga hesabu kwenye simu. Kilo 2.09, sentimita 20. Pauni-inchi 36.3.

Kle ilikuwa inasema kweli tangu mwanzo. Niliyezidisha ni mimi.

Nilirudi mbio kumwambia, lakini alikuwa ameshaingia kulala, radio bado inaongea peke yake. Kle alikuwa ameitoa kwenye jiliwa. Aliilaza mezani juu ya kitambaa chake cha kufutia miwani, mshale ukitazama juu, usiguse kitu.