Bustani ya maji kwenye nusu pipa: kumbukumbu ya siku 70, Dar es Salaam

Siku ya 1. Pipa la plastiki la lita 200 limekatwa katikati. Nusu ya chini ina kipenyo cha sentimita 58 na kina cha 44. Lilikuwa la mafuta ya kula. Pipa lililobeba dawa za mimea halifai hata lisuguliwe vipi. Sentimita 5 chini ya ukingo pametobolewa tundu na kuzibwa kwa wavu wa dirisha, ili mvua ikizidi maji yatoke na samaki wabaki. Sentimita 20 za chini zimefukiwa ardhini, kwani pipa lililosimama wazi juani hupata joto haraka mno. Mahali ni mashariki mwa nyumba: jua tangu asubuhi hadi saa saba mchana, kisha kivuli cha ukuta. Chini ya mwembe hapafai, majani yanayodondoka huoza majini.

Maji ni ya bomba, yamekaa wazi siku mbili klorini itoke. Maji ya kisima yaonjwe kwanza, kwa sababu visima vingi vya pwani vina chumvi. Yakiwa hivyo, heri ya mvua.

Siku ya 3. Yungiyungi moja la buluu limepandwa kwenye beseni la lita 8. Udongo ni wa mfinyanzi, mzito, wenye mchanga kidogo tu. Samadi na mboji hazimo kabisa: bustanini ni neema, lakini humu huachia virutubisho majini na kulisha mwani kabla mmea haujafumbua jani. Mbolea ya NPK 17-17-17, kijiko kimoja cha chai, imefungwa kwenye kipande cha gazeti na kuzikwa chini kabisa karibu na mizizi. Juu ya udongo kuna changarawe iliyooshwa, sentimita 2, kitovu cha mmea, yaani pale majani yanapochipukia, kikiachwa wazi. Beseni limewekwa juu ya tofali moja, kitovu kiko sentimita 15 chini ya uso wa maji.

Mmea huu ulitengwa kwenye ndoo wiki mbili kabla, na kila konokono akatolewa, pamoja na mayai yake ya utelezi chini ya majani. Mimea ya mtoni au bwawani huweza kuja na konokono wa kichocho, kwa hiyo ishikwe kwa glavu.

Siku ya 9. Maji yamekuwa kijani kama mchuzi wa kisamvu. Kipimo ni kisahani cheupe kilichofungwa kwenye kijiti chenye alama: kinapotea kwenye sentimita 11. Ili kujua kama ni tope au mwani, glasi moja ya maji imefunikwa na kuachwa mpaka kesho yake. Tope lingetuama chini. Hii imebaki kijani kote, basi ni mwani unaoelea.

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanamwaga maji yote, wanajaza mapya, na siku ya tano kijani kimerudi, kwa kuwa maji mapya yameleta madini mapya na jua ni lile lile. Mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, nao huua mwani kweli, ila huua na samaki, na mwani uliokufa huoza humo humo. Kinachotakiwa ni kuunyima mwani mwanga na chakula. Zimeongezwa konzi mbili za azola, mmea mdogo unaoelea, kwa kivuli, na vichipukizi vitano vya mmea wa kuzama usio na mizizi, Ceratophyllum demersum, unaofyonza virutubisho kwa majani. Maji hayakubadilishwa.

Siku ya 12. Viluwiluwi wa mbu, saba kwenye upawa mmoja. Jiji hili limepata milipuko ya dengi, 2014 na 2019, na mbu wake hupenda vyombo vya nyumbani. Gapi sita, samaki wadogo wanaokula viluwiluwi, wameingizwa: mfuko umeelea dakika 20, kisha maji ya pipa yakaongezwa kidogo kidogo. Kesho yake hakuna kiluwiluwi hata mmoja. Hata hivyo, mayai ya mbu huyo hushika ukutani juu kidogo ya maji na hustahimili ukavu kwa miezi, kwa hiyo ukingo unasuguliwa kwa brashi kila wiki. Gapi hawalishwi.

Siku ya 26. Kisahani: sentimita 24. Nyuzi za kijani zimejisuka kwenye mashina. Zinatolewa kwa kijiti kikavu kinachozungushwa kama mtu anayesokota uzi.

Siku ya 38. Sakafu inaonekana. Majani tisa, na tofali limeondolewa.

Siku ya 45. Mbolea ya pili. Gazeti limechanika wakati wa kusukuma na punje zikatawanyika majini. Siku nne baadaye kisahani kimerudi sentimita 27. Tangu hapo kidole kinatangulia kuchimba tundu, kifurushi kinafuata.

Siku ya 52. Saa kumi na mbili asubuhi gapi wote wako juu, vinywa vinachezacheza kwenye uso wa maji. Azola ilikuwa imefunika karibu pipa zima. Usiku mimea nayo hutumia oksijeni, na zulia zito huzuia hewa kuingia, ndiyo maana shida huonekana alfajiri. Nusu ya azola imekwenda kwa kuku, na lita 20 zimebadilishwa kwa maji yaliyotulia. Saa mbili wameshatawanyika. Lengo sasa ni kivuli cha theluthi mbili ya uso, kisizidi.

Siku ya 70. Ua la tatu. Jua hukausha lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na madini hubaki, hivyo kujazia tu hakutoshi: kila Jumamosi lita 10 hunyonywa kwa mpira kutoka sakafuni pamoja na uchafu, ndipo pajazwe. Majani ya njano hukatwa chini kabisa ya shina. Gapi wamefika ishirini na kitu. Kumi wanabaki, wengine wanahamia kwa jirani mwenye pipa, kamwe si mtaroni. Mbolea ijayo ni siku ya 87.