Nilivyochagua kisu cha kukunja cha kwenda nacho kuvua na porini

Nilipoamua kutafuta kisu kimoja cha kukunja cha kwenda nacho kuvua na kulala porini, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuandika kwenye karatasi kazi ambazo kisu hicho kingefanya kweli. Sikuandika zile za kwenye video, za kupasua magogo na kujenga vibanda. Niliandika ninazozifanya mwenyewe nikiwa kando ya maji: kukata mshipi, kukatakata chambo, kutumbua samaki, kukata kamba, kuchonga kijiti cha kuwashia moto, kumenya kitunguu jioni. Nilipoisoma orodha nikaona kazi nyingi ni za kufanya na mikono iliyolowa, yenye ute na magamba. Basi nikajua natafuta nini. Natafuta kisu cha mikono iliyolowa, na sifa nyingine zote zitasubiri nyuma ya hiyo.

Wengi wanaoulizia kisu huanza na chuma. Mimi nilianza na mpini. Niliwaomba wenzangu ninaovua nao waniazime visu vyao, nikavikusanya jikoni, nikapaka mikono sabuni ya maji, kisha nikajaribu kimoja baada ya kingine: kukitoa mfukoni, kukifungua, kukata kamba ya nailoni niliyoifunga kwenye mguu wa meza, kukifunga tena. Ni jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya, mradi ashike polepole na makali yaelekee mbali na mwili. Lilinifundisha mengi kuliko maelezo yote niliyokuwa nimeyasoma.

Mpini wa chuma kitupu kilichong'arishwa ulizunguka kiganjani mara tu kamba ilipokaza. Mpini wa plastiki ngumu yenye mikwaruzo ulitulia. Kile kijimfuo kidogo kwenye ubapa, cha kuingiza ukucha ili kufungua, kilinishinda kabisa: ukucha uliteleza kila nilipovuta. Kisu chenye tundu la duara kwenye ubapa, mtindo ulioenezwa na kampuni ya visu ya Spyderco tangu miaka ya 1980, kilifunguka kwa kidole gumba hata povu lilipokuwa limejaa mkononi. Pia nilitazama pale mpini unapokutana na ubapa. Kama hapana kinundu wala mbonyeo wa kuzuia kidole cha shahada, mkono unaoteleza kwenda mbele hauna pa kusimama ila kwenye makali.

Baada ya mpini nikaja kwenye kufuli, na hapa nilikaa muda mrefu, kwa sababu kisu cha kukunja kikijifunga wakati wa kazi, kinafungia vidole. Vipo visivyo na kufuli kabisa, ambavyo ubapa wake unashikiliwa na springi tu. Visu vingi vidogo vya Victorinox viko hivyo, na kwa kumenya tunda au kukata mshipi vinatosha. Wasiwasi wangu ulikuwa kwenye kuchoma kwa ncha. Unapotaka kumuua samaki haraka kwa kumchoma kichwani, unasukuma ncha kwenye kitu kigumu, na ikikwama kidogo kwa pembe mbaya, nguvu yako yote inaelekea kuukunja ubapa urudi kwenye vidole. Kwa kazi hiyo nilitaka kufuli.

Lipo la pete, ambalo Opinel ya Ufaransa ililianza mwaka 1955: unazungusha pete shingoni mwa mpini, ubapa haurudi. Ni rahisi na halina vipande vingi vya kuharibika. Lipo la ubati wa pembeni, ambalo kibati chembamba ndani ya mpini huchomoka na kukaa nyuma ya ubapa. Hili lina nguvu, ila kulifungua lazima kidole gumba kiingie kwenye njia ya ubapa, ukisukume kibati pembeni huku ubapa ukianza kushuka. Kwa mkono mkavu sina neno nalo. Kwa mkono wenye ute, sikulipenda hata kidogo. Lipo la mgongoni, lile ambalo watu wengi walilijua kupitia kisu cha Buck 110 kilichotoka mwaka 1964: unabonyeza mgongo wa mpini, ubapa unaachia, na kidole chako kiko upande mwingine kabisa wa makali. Linamfaa pia anayetumia mkono wa kushoto. Udhaifu wake ni mchanga. Chembe ikiingia kwenye pengo ambamo kufuli linaketi, linaweza kukaa nusu ukadhani limekaa lote. Ndiyo maana kila nikikifungua hubonyeza mgongo wa ubapa kwa upole nione kama unacheza.

Kuhusu ubapa wenyewe, shauri langu ni wembamba. Visu vingi vinavyouzwa kwa sifa ya porini vina ubapa mnene wa milimita 4 mgongoni, na ukikata nao kitunguu, unakipasua vipande kabla makali hayajafika chini. Kwa samaki ni vivyo hivyo, mnofu unachanika badala ya kukatika. Niliamua mgongo usizidi milimita 3 na urefu uwe kati ya sentimita 7 na 9. Opinel namba 8, ambayo watu wengi huitumia kama kipimo cha kisu cha mfukoni, ina ubapa wa sentimita 8.5, na kweli ni urefu unaofaa samaki wa kawaida wa kuoka kambini.

Ncha iwe kali, lakini isiwe ndefu kama sindano. Unapomtumbua samaki unaingiza ncha karibu na tundu la haja, kina cha milimita chache tu, unageuza makali yatazame juu na kusukuma kuelekea kichwani, ngozi inafunguka kama zipu. Ukizamisha zaidi ya hapo unatoboa matumbo, au mbaya zaidi, nyongo. Ile nyongo ya kijani ikimwagika kwenye mnofu, inaacha uchungu. Kwa hiyo nilijaribu kila kisu kwenye samaki halisi, nikishika ubapa karibu na ncha kati ya kidole gumba na cha shahada, niache kipande kidogo tu cha makali mbele. Kisu kisichokubali kushikwa hivyo, kwa sababu ya unene au kwa sababu ncha iko juu mno, nilikirudisha kwa mwenyewe.

Makali yenye meno ya msumeno nayo niliyafikiria. Yanakata kamba nene iliyolowa vizuri mno. Ila hayanoleki kwa kinoo bapa, na kwenye mnofu yanachana. Nikachagua makali laini mwanzo hadi mwisho.

Ndipo nikafika kwenye chuma. Chuma kisichoshika kutu kinaitwa hivyo kwa sababu ya kromiamu, kuanzia kama asilimia 10.5, inayojitengenezea utando mwembamba sana juu ya chuma na kukizuia kisiliwe na kutu. Lakini si kiasi cha kromiamu tu kinachoamua. Kaboni, ambayo ndiyo inayokipa chuma ugumu, hushikana na kromiamu na kuiondoa kwenye kazi hiyo ya ulinzi. Ndiyo maana chuma cha D2, chenye kromiamu ya kama asilimia 12 lakini kaboni ya asilimia 1.5 hivi, hushika kutu usipokitunza, wakati 12C27 ya Sweden, yenye kromiamu ya asilimia 13.5 na kaboni ya asilimia 0.6, inavumilia maji vizuri. Chumvi ya bahari ndiyo adui mkubwa kuliko maji yenyewe, kwa kuwa hutoboa ule utando na kuanzisha vishimo vidogo vinavyozama ndani. Anayevua baharini kila mara, vipo vyuma vilivyotengenezwa kwa nitrojeni badala ya sehemu kubwa ya kaboni, kama H1 na LC200N, ambavyo karibu havijui kutu. Makali ya vyuma vya namna hiyo si ya kudumu sana, lakini kwa mtu wa maji ya chumvi ningesema achukue hivyo bila kusita.

Mimi zaidi ni mtu wa maji baridi, hivyo chuma cha wastani kisichoshika kutu kilinitosha. Tena kina faida ambayo watu huidharau: kinanoleka upesi. Kisu chenye ugumu wa 56 hadi 58 kwenye kipimo cha Rockwell nakirudishia makali kwa kinoo kidogo cha mfukoni nikiwa nimekaa juu ya jiwe. Vile vigumu vya 62 na kuendelea vinakaa na makali muda mrefu kweli, lakini vikiisha makali katikati ya safari, kinoo changu kidogo kinapata taabu navyo.

Jambo la mwisho kabla ya kuchagua lilikuwa usafi. Nilikikunjua kila kisu na kukitazama dhidi ya dirisha. Kama mwanga unapita kati ya pande mbili za mpini, maji nayo yatapita, na damu na magamba yatatoka. Mpini uliozibwa mgongoni unahifadhi uchafu pale kwenye kiungo, na baada ya siku mbili kwenye begi unanuka. Mpini wa mti ni mzuri kushika, nami naupenda, lakini ukilowa sana mti unavimba na kuubana ubapa usifunguke kwa urahisi.

Nilichokichukua ni kisu chenye ubapa wa sentimita 8, unene wa milimita 2.5, makali laini, tundu la kidole gumba, kufuli la mgongoni na mpini wa plastiki ulioachwa wazi, umefungwa kwa skrubu badala ya ribiti. Rangi ni ya chungwa iliyokolea. Rangi hiyo niliitafuta kwa makusudi, maana kisu cheusi kikianguka kwenye majani au kati ya mawe jioni, hukioni. Pia kina tundu la kamba nyuma ya mpini, na nikiwa kwenye mtumbwi nakifunga kwenye mkanda.

Matunzo yake ni mepesi. Nikimaliza samaki nakisuuza kwa maji safi huku nikikifungua na kukifunga ili maji yapite kwenye kiungo, nakifuta, nakiacha wazi kikauke. Kikigusa maji ya chumvi, siku hiyohiyo nakiosha kwa maji baridi na sabuni. Tone moja la mafuta kwenye kiungo linatosha, na kwa kuwa kisu hiki kinagusa chakula natumia mafuta meupe ya madini yanayoruhusiwa kwa chakula. Kunoa nanoa kwa pembe ya kama digrii 20 kila upande, mpaka nisikie kwa kidole kijikwaruzo chembamba upande wa pili, kisha nageuza.

Sikitumii kupasua kuni kwa kukipiga mgongoni kwa gogo. Kiungo cha kisu cha kukunja kinashikiliwa na pini moja ndogo, na mapigo hayo yanailegeza. Na yeyote anayesafiri aangalie sheria za anakokwenda kabla ya kuchagua kufuli. Uingereza, kwa mfano, kisu cha kukunja kisicho na kufuli chenye makali yasiyozidi inchi 3 kinaruhusiwa kubebwa hadharani, lakini chenye kufuli kinahitaji sababu ya msingi, hata kiwe kifupi namna gani. Kwenye ndege changu hukaa kwenye mzigo unaopakiwa chini, kimefungwa kwenye kitambaa.

Samaki wakubwa wa kutoa minofu nimewaachia kisu kingine kabisa, kisichokunjwa, chenye ubapa mwembamba unaopinda wa sentimita 18. Hicho kinateleza juu ya mifupa ya mgongo kwa namna ambayo cha kukunja hakiwezi. Kinakaa kwenye ala yake ndani ya sanduku la ndoana, na nakitoa tu siku ambazo maji yametoa kitu cha maana.