Kinukta Kwenye Lebo

Nilikuwa kidato cha tatu na nilijihesabu bingwa wa moli. Ubingwa wenyewe ulikuwa pembetatu niliyoichora nyuma ya daftari: gramu juu, chini yake moli na tungamo la moli, yaani gramu za moli moja. Ukifunika kwa kidole unachokitafuta, vinavyobaki vinakuonyesha kama ni kugawanya au kuzidisha. Nipe gramu 80 za sodiamu haidroksidi, nagawanya kwa tungamo lake la moli, 40, napata moli 2, nangoja sifa. Moli ni nini hasa, sikujishughulisha. Mwalimu alikwishasema ni idadi, kama dazani, ila hii ni 6.02 × 10²³. Enzi hizo ilifasiliwa kwa atomi zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12, kabla ya fasili kubadilishwa mwaka 2019. Niliandika, nikafunga daftari.

Siku ya maabara tukapangwa wawili wawili. Mwenzangu alitayarisha asidi ya haidrokloriki ya moli 0.2 kwa lita. Mimi nikapewa myeyusho wa sodiamu kaboneti wa moli 0.1 kwa lita, mililita 250. Hesabu niliimaliza kichwani: robo lita ni moli 0.025, mara tungamo la moli 106, gramu 2.65. Nikapima fuwele zinazong'aa, nikaziyeyusha, nikajaza maji hadi alama.

Mililita 25 za myeyusho wangu zilitakiwa kula mililita 25 za asidi yake. Tukadondosha methili oranji, rangi ya kuonyesha asidi imetosha, ikawa ya manjano, nikafungua bureti, mrija wenye alama na bomba wa kudondoshea asidi. Sijakaa sawa, rangi imegeuka. Mililita 9.3 tu. Tukarudia: 9.2. Mara ya tatu 9.3 tena.

Vipimo vitatu vikikubaliana hivyo, tatizo si mkono kutetemeka. Leo nalijua hilo. Siku ile nilijua jambo moja tu, kwamba hesabu yangu haina kosa, basi mkosaji ni asidi. Nikamwambia mwenzangu, tena mbele ya watu, kwamba ameifanya kali mno. Akapitia hesabu zake mara mbili, hakuona kosa, akanyamaza.

Mwalimu alipofika hakugusa bureti wala daftari.

"Umepima nini?"

"Sodiamu kaboneti, mwalimu."

"Kalete chupa uliyochota, uisome kwa sauti."

Nikasoma: Na₂CO₃.

"Endelea."

"Imeishia hapo, mwalimu."

"Na hicho kinukta?"

Kweli palikuwa na kinukta. Nilikidhani doa la wino. Baada yake, kwa maandishi yaliyofifia kidogo, 10H₂O. Kumbe fuwele zile zilikuwa zimebeba maji: 106 za kaboneti na 180 za maji, jumla 286. Gramu zangu 2.65 zilikuwa moli 0.0093 tu, na zaidi ya nusu ya nilichokipima kwa uangalifu wote ule kilikuwa maji.

Nilidhani yameisha. Mwalimu akanipimisha gramu 2.86 za fuwele zile zile kwenye kibakuli cha kauri, akaniambia nizipashe moto taratibu. Zikayeyuka ndani ya maji yao wenyewe, zikatokota, zikaacha unga mweupe usio na mng'ao. Zilipopoa nikapima: 1.09. Nikapasha tena, 1.07.

"Mwanzo kulikuwa na moli ngapi za sodiamu kaboneti?"

"0.01."

"Na sasa?"

Nikageuza daftari kutafuta pembetatu yangu. Nikagawanya 1.07 kwa 106, nikaitazama 0.01 ile ile, nikarudi kutazama mizani. Gramu karibu mbili zimepaa, na moli ziko pale pale. Chembe za kaboneti zilizokuwa kibakulini bado zimo kibakulini; kilichoondoka ni mzigo ziliobebeshwa. Sijui kwa nini ilinichukua muda wote ule, lakini nilikaa na kibakuli kile mkononi hadi wenzangu wakaanza kuosha vyombo.

Tulipewa nafasi ya kurudia. Safari hii nikapima gramu 7.15, na lebo nikaisoma mpaka mwisho. Mwenzangu akaomba asome bureti yeye.

"Ishirini na nne nukta tisa," akasema.

Nikaandika. Akainama, akasoma tena, polepole, safari hii akinitazama mimi badala ya bureti:

"Ishirini na nne nukta tisa. Za asidi ile ile."