Wapenda Uyoga wa Kampala Walivyonipokea

Mtu wa Tanga anayehamia Kampala, kama nilivyohamia mimi, hupata mapema majirani wa kusalimiana nao, lakini huchelewa kupata watu wa kukaa nao. Mimi niliwapata katika kikundi kidogo cha wapenda uyoga, chenye walimu, wakulima, mafundi na wanafunzi, wenyeji kwa wageni, ambacho hakimdai mtu ada wala ujuzi kabla ya kumkaribisha. Kwa kuwa wamo pia Wakenya na Wakongo, mazungumzo huenda kwa Kiganda na Kiswahili, na anayeelewa humfafanulia asiyeelewa bila kuombwa.

Shughuli hushamiri wakati wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba. Kinachotafutwa hasa ni obutiko obubaala, uyoga mdogo mweupe ambao wanasayansi huuita Termitomyces microcarpus na ambao huchipuka kwa mamia karibu na vichuguu. Mchwa ndio wanaoulima chini ya ardhi, juu ya mabaki ya mimea waliyoyatafuna, kisha huzitoa nje sehemu za bustani zao, na hapo ndipo unapochipukia. Kwa sababu hiyo hata wenzetu wanaootesha uyoga chaza nyumbani, katika mifuko ya maganda ya mbegu za pamba yaliyopikwa kwa mvuke ndani ya pipa, huusubiri huu kutoka mvuani kama sisi wengine.

Anayetuongoza porini ni mzee wa ukoo wa Butiko, ambao mwiko wake ni uyoga wenyewe. Yeye haugusi mezani, lakini anaujua kuliko sisi tunaoula na rojo ya karanga. Huinama, akaufukua udongo kwa kidole hadi mwisho wa shina, akaugeuza ili kila mtu aone upande wa chini wa kofia, kisha akautia katika kikapu cha mtu mwingine. Ukarimu huo hunigusa kila ninapoushuhudia.

Naupenda vilevile msimamo wao mkali kuhusu sumu. Uani kwangu uliwahi kuota uyoga mpana mweupe wenye magamba ya kahawia, mzuri wa kutamanisha. Wenzangu hawakubishana: waliikata kofia, wakailaza juu ya karatasi nyeupe na kuifunika kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi karatasi ilikuwa na vumbi la rangi ya kijani, alama ya Chlorophyllum molybdites, ambao humtapisha na kumharisha anayeula. Mgeni huelezwa pia, kwa upole lakini bila kuzungusha maneno, kwamba uyoga ulioliwa na wadudu au nyani si lazima uwe salama kwa binadamu, na kwamba sumu ya ule unaoua kuliko wote, Amanita phalloides, haiondoki kwa kupikwa, tena hukaa saa nyingi tumboni kabla mtu hajajihisi mgonjwa. Usiotambulika hauliwi, hata ukiletwa na mwanachama wa siku nyingi.

Atakayependa kujiunga nasi mvua zijazo aje na kikapu, kisu kidogo na karatasi za kufungia kila aina peke yake. Mfuko wa plastiki auache nyumbani, kwani uyoga huoza upesi ndani yake, na ulioanza kuoza hautambuliki vizuri.